Waliovushwa: siku 62 kwa miguu pwani ya Australia, 1797

Hii safari nimekaa nayo wiki mbili sasa, kila usiku nasoma siku mbili tatu halafu nalala, na nimeona niiandike vilevile, siku kwa siku, maana ukiifupisha inakuwa tu "waliondoka kumi na saba wakafika watatu" na utamu wote unapotea, na uchungu pia. Mwenye shajara ni William Clark, karani wa shehena melini. Kwa hiyo tunaona kwa macho yake yeye, na macho yake yana kasoro zake, tutazifikia.

10 Novemba 1796, Calcutta

Meli inaitwa Sydney Cove. Wenye mali ni kampuni ya Campbell na Clark, wafanyabiashara wa Calcutta waliosikia kwamba Waingereza wamefungua koloni kule Sydney tangu 1788 na watu wa kule, askari na wafungwa, wana kiu isiyokatika. Basi wakapakia pombe kali galoni 7,000 hivi, pamoja na mchele, sukari, tumbaku, vitambaa, vyombo vya kaure na mazagazaga mengine. Nahodha ni Hamilton. Wazungu wachache, mabaharia wengi ni laskari, watu wa Bengal na pwani za huko.

Laskari, sikia hilo neno vizuri. Wajuzi wa lugha wanasema ni ndugu wa huyu "askari" wetu, na mkubwa wao chomboni alikuwa anaitwa serang, ambaye sisi wa pwani tunamjua kama serahangi. Mimi nilipoona hivyo nikajua hii stori siisomi kama mgeni kabisa. Hawa ni watu wa bahari yetu, wa pepo zetu za kaskazi na kusi, sema safari hii walipelekwa kusini mno, kwenye bahari ambayo hata kaskazi haiijui.

Januari hadi 9 Februari 1797

Meli inavuja. Imevuja kidogo, ikavuja zaidi, dhoruba zikaja, ikawa ni kupiga bomba na kufua maji usiku na mchana. Na wanaopiga bomba ni nani, laskari, na nguo zao za Bengal, kwenye baridi ya kusini ambako upepo unatoka moja kwa moja barafuni. Wakaanza kufa pale pale kazini. Siyo kuzama, hapana, kufa kwa baridi na uchovu mkono uko kwenye bomba.

Walikuwa wanazunguka kwa kusini mwa Tasmania kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba kuna mlango wa bahari kati ya Tasmania na bara. Tarehe 9 Februari maji yamejaa, nahodha akaona bora ajipwelezee mwenyewe kuliko kupwelezwa, akaisukuma meli kwenye maji mafupi karibu na kisiwa kidogo, kaskazini mashariki ya Tasmania, ambacho baadaye kiliitwa Preservation Island. Waliobaki hai wote wakafika nchi kavu.

Na pombe pia ikafika! Wakaitoa wakaipeleka kwenye kisiwa kingine kidogo cha jirani ili mabaharia wasiimalize, na mpaka leo kile kisiwa ramani zinakiita Rum Island. Watu hawana maji ya kueleweka ila wana ulinzi wa pombe, haya.

Mwisho wa Februari hadi 2 Machi

Sydney iko mbali, kaskazini huko, na hakuna meli itakayopita hapo kwa bahati. Wakatengeneza ile mashua kubwa, wakapanda watu 17: Clark, chifu meti (msaidizi mkuu wa nahodha) Hugh Thompson, Wazungu wengine watatu na laskari 12. Mpango ni kwenda kuomba msaada.

Tarehe 2 Machi mashua ikavunjwa na mawimbi kwenye ule ufukwe mrefu wa Ninety Mile Beach, kusini mashariki ya bara. Yaani ndani ya mwezi mmoja wamevunjikiwa chombo mara mbili. Walichookoa ni mchele kidogo, vitambaa kadhaa, bunduki moja yenye risasi chache, bastola mbili mbovu na panga mbili ndogo. Wakakaa pale karibu wiki mbili wakijikusanya. Hawana njia nyingine, ni kutembea, bahari iwe kulia mpaka Sydney, zaidi ya kilomita 600, na hakuna Mzungu aliyewahi kuikanyaga hiyo njia kwa miguu.

Nasema Mzungu kwa sababu njia yenyewe ilikuwepo, na wenye nyumba walikuwepo. Hapa walipo ni kwa watu wa Gunaikurnai, mbele huko wataingia kwa Yuin, na karibu na Sydney ni kwa Dharawal. Kila mto na kila kilima kina mwenyewe.

15 Machi, siku ya 1

Wanaanza. Siku za mwanzo hazina cha kueleza sana, ni mchanga na mito. Kila mto wanasimama wanakata magogo wanafunga chelezo wanavuka, wakimaliza kuvuka wamechoka kuliko waliotembea.

18 Machi, siku ya 4

Siku hii ndiyo iliyonifanya niandike yote haya.

Wanakutana na watu kumi na wanne, wenyeji, uchi kabisa. Pande zote mbili zinasimama zinatazamana. Halafu wale wenyeji wanasogea, wanaanza kuwakagua hawa wageni, na wageni wanakubali (ungefanya nini). Wanafunua nguo, wanashika miguu, wanashika mikono, wanatazama kucha, wanacheka, wanapiga kelele za mshangao. Clark anasema aliona kwa ishara zao kwamba walidhani nguo na mwili ni kitu kimoja, yaani shati ndiyo ngozi yenyewe.

Nimejaribu kuipiga picha hiyo. Mtu anashika ukosi wa koti la Clark anavuta kidogo, ngozi inafunguka, ndani kuna ngozi nyingine nyeupe. We ungekaa kimya?

Na kitu ambacho Clark hakuandika: wale kumi na wawili wa Bengal, weusi kama wenyeji au karibu, nao wamevaa vitambaa, nao wamesimama foleni moja na Wazungu. Wenyeji waliwaonaje? Kama ndugu waliopotea? Karani hakutazama huko.

Wageni wakatoa vipande vya kitambaa kama zawadi, wenyeji wakafurahi, safari ikaendelea, maili 16 siku hiyo. Halafu jioni Clark anakaa anaandika maelezo yake: watu wana nguvu na misuli, nywele ndefu zimenyooka ila hawazijali, wanafutia mikono kwenye nywele wakishashika mafuta ya papa, na wananuka kweli kweli kwa sababu ya hayo mafuta. Meno ya kangaruu na miiba ya samaki wamebandika kwenye nywele kwa ulimbo, na puani wamepitisha mfupa au unyasi.

Hapo kwenye harufu nilicheka. Mie nimekulia pwani, najua sifa inavyonuka, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo, ukipita bandarini siku wanapaka unaweza kurudisha chakula cha mchana. Kwa hiyo Clark simlaumu kwa kuziba pua. Namlaumu kwa kutojiuliza yeye mwenyewe ananukaje baada ya miezi minne baharini na koti lile lile.

Mwisho wa Machi

Mto mwingine mkubwa, chelezo kingine. Mchele unakwisha. Viatu vinakwisha. Siku nyingi kwenye shajara ni mistari miwili tu, tumetembea, tumelala.

2 Aprili, siku ya 19

Asubuhi kama saa tatu hivi wakakutana na wenyeji watano, na Clark anawaita "marafiki zetu wa zamani", maana walishaonana nao nyuma. Wakawapa kome na chaza wale. Mchele ulikuwa umebaki kidogo mno, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa karamu.

Angalia lakini. Hawa watu watano wamefikaje mbele yao? Hawa wageni wanadhani wanatembea peke yao kwenye nyika tupu, kumbe wenyeji wanajua wako wapi, wamelala wapi, watatokea wapi kesho. Wageni wanajikongoja ufukweni wakipanda kila jabali, wenyeji wanakata kwa njia zao za ndani wanawasubiri na chakula.

Wiki hizi posho ilikuwa robo painti ya mchele mkavu kwa siku, ni gao moja la kiganja hivi. Siku moja wakaokota samaki, taa, ameshakufa ufukweni, ameanza kuoza, wakamla, na Clark anasema hata angekuwa ameoza zaidi ya pale wangemla tu.

Kati ya tarehe 8 na 12 Aprili

Siku hizi zimejaa watu, na sura mbili tofauti kabisa.

Sura ya kwanza: kundi kubwa, kama hamsini, wana mikuki. Wageni wakaogopa, wakakubaliana wasioneshe woga, wakapeana ishara na wenyeji, mambo yakatulia. Safari hii vipande vidogo vya kitambaa vikakataliwa, wenyeji wanataka yadi nzima nzima. Clark analalamika kidogo ila kwangu mimi naona ni haki, unapita kwenye shamba la mtu na watu 17 wenye njaa, unampa utepe?

Sura ya pili: watu kumi na wanne wakawachukua mpaka kwenye makazi yao msituni kando ya wangwa mkubwa, wakawalisha kome, wakawakaribisha walale. Na hapa Clark mwenyewe anakubali kwamba hawa wanajua sheria za ukarimu kuliko wote aliokutana nao, wanatoa sehemu ya kidogo walicho nacho. Alielewa pia, kwa ishara, kwamba ni kabila tofauti na wale wa nyuma na wana ugomvi nao. Yaani keshaanza kuona kwamba "wenyeji" siyo mtu mmoja. Kuna mipaka, kuna majirani wasioelewana, kuna watu wa kujificha ukiwaona na watu wa kukimbilia.

Katikati ya sentensi ya kuwasifu lakini anaziita nyumba zao vibanda duni. Karani ni karani.

13 Aprili, siku ya 30

Mto. Wenyeji wachache ng'ambo, wanaogopa mwanzoni, halafu wanaelewana, wanawavusha kwa mitumbwi yao. Hii mitumbwi ni gome la mti limefungwa ncha mbili kwa vijiti, urefu futi nane, upana futi mbili. Ukikaa vibaya umeingia majini, na wageni waliingia majini mara kadhaa.

Natamani ningeiona hii kwa macho. Mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi, watu wa matanga na dira, wanashikilia ukingo wa gome kama watoto, huku mwenye chombo anapiga kafi amekaa raha mustarehe anawacheka. Na mchezo ukishaisha, watu wamefika ng'ambo, hakuna chelezo cha kufunga, hakuna siku nzima iliyopotea kukata magogo. Ukihesabu siku za kuvushwa na siku za chelezo unaona wazi: bila hao wenye mitumbwi, hii safari ingekwisha Aprili kwa wote.

16 Aprili, siku ya 33

Wanaachwa watu tisa.

Clark anasema walikuwa wameisha kabisa, hawawezi hatua nyingine, na wenzao walitumaini watawafikia baada ya siku moja mbili kwa kuwa kundi la mbele lilikuwa linasimama simama kwa wenyeji wema au kutafuta kome miambani. Hawakuwafikia. Kwenye shajara hawatajwi tena.

Nikachukua kalamu nikafanya hesabu. Wazungu walikuwa watano tu. Wanne kati yao, Clark, Thompson, seremala na baharia John Bennet, tunawaona tena mwishoni mwa safari. Kwa hiyo kwenye hao tisa Mzungu anaweza kuwa mmoja tu, au hayupo kabisa. Laskari ni nane kwa uchache. Wale wale wa bomba, wale wale wa baridi. Hakuna hata jina moja.

Usiku huo sikuendelea kusoma.

26 Aprili, siku ya 43

Wamebaki wanane. Wanaona watu juu ya jabali, wanashuka, wanakaa nao kidogo, halafu wanatokea wengine kama mia moja wakipiga mayowe. Mikuki ikaanza. Wageni wakaashiria waache, wakatoa zawadi, ikawa kama imetulia, walipogeuka tu mgongo mikuki ikarudi. Watatu wakajeruhiwa: Thompson, Clark mwenyewe, na mtumishi wake, laskari.

Clark anawaita washenzi, na baada ya hapo lugha yake inakuwa chungu. Namuelewa, mtu ana jeraha. Ila kuna jambo lilitokea mwezi mmoja tu nyuma ambalo yeye huko ufukweni hawezi kulijua: Machi hiyo hiyo ya 1797, Pemulwuy, shujaa wa Wabidjigal, wenyeji wa upande wa Sydney, alipigana na wanajeshi wa Kiingereza kule Parramatta, karibu na Sydney, akapigwa risasi kadhaa, akapona, akatoroka na pingu mguuni. Sydney ilikuwa na vita. Sasa hawa wanane wanatembea kuelekea huko huko, sura ni zile zile, na habari kwa nchi ile zilikuwa zinatembea haraka kuliko wao. Sisemi ndiyo sababu, huenda kulikuwa na kosa dogo la siku ile ile, wamekanyaga pasipokanyagwa, wameokota kisichookotwa. Ila kadiri walivyokaribia Wazungu wenzao ndivyo walivyopata mapokezi mabaya, na mimi hilo silioni kuwa bahati mbaya tu.

Siku zilizofuata

Karibu na Jervis Bay shajara inakonda halafu inakatika. Ya mbele yanajulikana kwa yale waliyosimulia walipofika. Wanatembea na majeraha, wanane wakawa watano. Thompson na seremala wakashindwa kabisa, wakaachwa nyuma, kwa matumaini yale yale ya kwamba watafuatwa baadaye. Kwenye majabali fulani wakaona mkaa wa mawe umetokeza kwenye ukuta wa mwamba, wakaukusanya wakawasha moto mkubwa wakaota. Huo moto usiusahau.

15 Mei, siku ya 62

Wattamolla, kighuba kidogo kusini ya Sydney. Watu watatu hawana nguvu za hatua nyingine, wanaona mashua ya wavuvi wa koloni, wanapunga, mashua inageuka. Clark, Bennet, na yule mtumishi laskari. Tarehe 17 wako Sydney mbele ya Gavana Hunter.

Yule laskari sasa. Amepiga bomba kwenye baridi iliyoua wenzake, amevunjikiwa meli, amevunjikiwa mashua, ametembea zaidi ya kilomita 600 huku bila shaka akibeba mizigo ya bwana wake, amechomwa mkuki, amefika. Wa tatu kati ya watatu. Jina la meli tunalo, jina la mwenye mali tunalo, mpaka kisiwa cha pombe kina jina.

Juni hadi Agosti 1797

Hunter akatuma vyombo viwili kuwafuata waliobaki kisiwani, Francis na Eliza, vikafika tarehe 10 Juni. Nahodha na wenzake walikuwa hai. Pombe nayo ilikuwa hai, sehemu kubwa. Wakati wa kurudi Francis ikafika, Eliza ikapotea na wote waliokuwemo, na kati yao laskari wanane. Walinusurika meli, wakanusurika kisiwa miezi minne, wakazama kwenye chombo cha uokoaji.

Hao hao walioko kisiwani ndio waliotoa fununu kwamba mikondo ya maji pale inaenda kama kuna mlango wa bahari. George Bass, daktari wa meli za Kiingereza, akaenda kutazama na mashua ya makasia mwisho wa mwaka, na 1798 hadi 1799 yeye na Matthew Flinders, ofisa wa jeshi la majini, wakaizunguka Tasmania yote kuhakikisha. Wakaja wawindaji wa sili kwenye visiwa vile, kwa mamia, wakamaliza sili, wakateka wanawake wa wenyeji wa Tasmania. Hiyo ni safari nyingine, na haina watu wa kukuvusha mto.

Kabla ya yote hayo, Agosti, Bass alitumwa kutafuta ule mkaa aliousema Clark. Akaukuta, tabaka nene futi kama sita ndani ya jabali juu ya bahari, mahali ambapo leo panaitwa Coalcliff. Akakuta pia mifupa ya watu wawili, Thompson na seremala kwa walivyoamini. Akachukua sampuli ya mkaa akarudi nayo Sydney.